Mkono wa Kulia

Zuhura na wenzake wa chumba cha mazoezi walinipa daftari jipya siku ya kuniaga, wakasema niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Nahisi walikuwa na nia nyingine pia: nikiwa naandika nitatulia nyumbani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, sitakwenda kila Jumatatu kuwakagulia rejesta. Wamepata nusu ya walichotaka. Naandika. Jumatatu iliyopita nilikwenda.

Habari za mishahara na vyeo naziruka. Mishahara mnaijua, na cheo pekee nilichopata bila kukiomba nilipewa na wagonjwa: waliniita Mama Fomu. Nilikuwa na fomu ya kumpokea mgonjwa, fomu ya kumpima, fomu ya kumruhusu, na fomu niliyoibuni mwenyewe ya kufuatilia fomu ambazo hazijarudi. Nawaambia mapema ili mjue mnasoma maandishi ya mtu wa namna gani. Kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini lilijazwa vizuri kabisa, kwa wino wa bluu, bila neno hata moja kufutwa.

Nitafika huko. Kwanza siku ya kwanza.

Nilikuja Kibaha kutoka Same nikiwa na cheti kipya cha fiziotherapia na viatu vya kisigino ambavyo dada yangu aliniapia ndivyo wanavyovaa wataalamu. Kituo chetu kilikuwa nyumba moja ndefu ya bati, upande wa kwenda Mbwawa. Mkuu wa chumba cha mazoezi alikuwa Mwalimu Kasiani, mtu mfupi, mkimya, wa kusali misa ya alfajiri kila siku. Alivitazama viatu vyangu, akaniambia nikae kwenye benchi nitazame kazi kwa siku tatu, nisimguse mtu. Nilikaa nusu saa.

Kitandani alikuwepo kijana mfugaji wa Magindu, aliyeumia shingo baada ya kurushwa na dume la ng'ombe. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, miguu haina kitu, mikono ina nguvu kidogo ya bega na kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja nusu. Mwalimu alipotoka kufuata mashuka, nikaona nafasi yangu ya kuonekana mchapakazi. Nikavishika vile vidole kimoja kimoja, nikavinyoosha, na kifundo cha mkono nikakirudisha nyuma, mpaka kiganja kikawa bapa kama chapati. Kijana hakulalamika. Nilidhani ni kwa sababu nina mkono mwepesi. Kumbe pale hakuwa na hisia yoyote.

Mwalimu Kasiani aliporudi hakusema kitu mbele ya mgonjwa. Alinitoa nje mpaka kwenye tanki la maji.

"Dada," akasema, "unamwibia yule kijana."

Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaulegeza. Akanyanyua kifundo: vidole vikajikunja vyenyewe. Akakishusha: vidole vikafunguka. Akanieleza kwamba yule kijana hana tena msuli wa kukunja vidole, lakini kifundo chake kinanyanyuka, na kano za vidole zikiachwa fupi kidogo, kila akinyanyua kifundo vidole vitabana vyenyewe kitu kidogo: kijiko, kalamu, fimbo nyembamba ya kuchungia. Ukizinyoosha kano hizo pamoja na kifundo, unampa kiganja kizuri cha kupigia picha, kisichoshika kitu. Basi vijana wangu, hilo mlijue hata kama hamtajua lingine: vidole nyoosheni kifundo kikiwa kimelala, na kifundo nyoosheni vidole vikiwa vimekunjwa. Viwili kwa pamoja, kamwe. Siku ya pili nilikuja na kandambili.

Vifaa vyetu vya miaka ile mkiviona leo mtafikiri ni vya fundi baiskeli. Tulikuwa na mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa sare za zamani za walinzi. Tulikuwa na kapi za kisima, tulizozitundika darini na kamba ya katani, mgonjwa akivuta huku mkono wa pili unapanda. Kibanzi cha kushikilia kifundo tulikitengeneza kwa bomba la plastiki tulilolilainisha juu ya jiko la mkaa. Kanuni ya Mwalimu ilikuwa kwamba bomba la moto linajaribiwa kwanza kwenye mkono wa mtaalamu, ndipo liende kwa mgonjwa. Nina alama mbili. Ya kwanza ni ya kujifunza, ya pili ni ya ubishi.

Mwalimu Kasiani alistaafu, akarudi kwao, nami nikarithi funguo, benchi na kabati. Kabati nililijaza fomu. Miaka ikaenda hivyo: walioanguka kwenye minazi, waliogongwa na pikipiki, waliobeba gunia la mkaa shingoni likawashinda. Nilijifunza kuwapa habari mbaya nikiwa nimekaa, si nikiwa nimesimama. Nilijifunza pia kwamba mgonjwa akikuambia "sawa dokta" mara tatu mfululizo, hajaelewa au hajakubali. Hili la pili nililijua vizuri sana, nikalifundisha kwa wanafunzi, na siku nilipolihitaji sikulitumia.

Miaka yangu miwili ya mwisho ndipo ilipokuja roboti. Wageni wa chuo kimoja cha nje walituazima kwa miezi minane, tuone kama itatufaa. Ilikuwa na kiti, kioo kama televisheni, na mkono mrefu wa chuma wenye viungo vitatu: bega, kiwiko, kifundo. Unaulaza mkono wa mgonjwa ndani yake, unaufunga kwa mikanda yenye matundu kama ya mkanda wa suruali, halafu mashine inaupima uzito ule mkono na kuubeba kwa kiasi unachoiamuru. Mgonjwa akijaribu kunyanyua, inasikia hata kijinguvu kidogo na kumsaidia kumalizia. Kwenye kioo kuna mchezo wa machungwa yanayoshuka, na yeye anayadaka kwa kapu. Mtaalamu mmoja hawezi kunyanyua mkono wa mtu mara mia nne bila kuchoka au kuanza kufikiria mambo ya nyumbani. Mashine iliweza, na nyumbani haikuwa na mambo.

Tuliipa chumba pekee chenye kiyoyozi, stabilaiza yake ya umeme na mlinzi wake wa kuhakikisha hakuna anayechomeka chaja ya simu. Umeme ukikatika watu wote walisimama. Wagonjwa wakaiita Mheshimiwa.

Mheshimiwa aliongea Kiingereza tu, lakini alikubali kurekodiwa sauti nyingine. Nikajitolea yangu. Kwa kuwa niliona ni jambo la kitaalamu, nilitafuta maneno yanayolingana, nikarekodi: "Tafadhali legeza kiungo chako cha juu." Mgonjwa wa kwanza aliyeisikia alifikiri kidogo, akalegeza shingo, kichwa kikaanguka kifuani. Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka wa tatu kazini na heshima zake zote kwangu, alitoka nje ya chumba. Nilimsikia akicheka mpaka kwenye tanki. Nikarekodi upya: "Legeza mkono."

Mzee Kondo alikuja mwezi wa pili wa mashine. Alikuwa mkulima wa Masaki, ile ya Kisarawe, siyo ile ya Dar yenye mabalozi. Mwenyewe ndivyo alivyojitambulisha, tena kwa fahari, kana kwamba mabalozi ndio waliokosea njia. Alianguka kutoka kwenye mfenesi. Alisema fenesi lilishuka salama, yeye ndiye aliyefika vibaya. Alikuwa na mkewe, Bi. Mwajuma, aliyekuwa akimfunika kanga mabegani kila feni ilipomgeukia.

Nilimpima kwa utaratibu wangu. Miguu, hakuna. Mkono wa kulia, bega linasogea, kiwiko kinakunjika kwa shida, kifundo hakinyanyuki hata kwa kubembelezwa. Mkono wa kushoto, bega zuri kidogo, kiwiko kinakunjika, na kifundo, nilipomwambia anyanyue, kilipanda kama mtu anayeamka usingizini. Nikaandika yote. Halafu nikafika swali la tisa la fomu, lile nililoliongeza mwenyewe baada ya semina moja: lengo la mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe.

"Mzee, kati ya yote, wewe unataka nini?"

"Nataka mkono wa kulia," akasema.

Nikaandika: Mkono wa kulia. Nikapigia mstari.

Zuhura alinivuta pembeni. Mkono wa kulia hauna kifundo, akaniambia, tukiufunga kwenye mashine tutakuwa tunabeba chuma kwa chuma. Kwa nini tusianze na kushoto, ambako kuna kitu? Nilimjibu kwa sauti ya semina kwamba siku hizi mgonjwa ndiye mwenye lengo, na kazi yetu ni kumfuata. Ni kweli vilevile, na hili niliandike kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake, kwamba mkono wa chuma wa Mheshimiwa ulikuwa umefungwa upande wa kulia, na kuuhamisha ni kazi ya nusu siku na skrubu kumi na mbili.

Gari la kituo lilikuwa likiwachukua wagonjwa wa upande wa Kisarawe Jumanne na Ijumaa. Mzee Kondo hakukosa hata siku moja. Alifungwa mkono wa kulia, machungwa yakashuka, hakudaka. Alituuliza ni machungwa gani hayo yanayoshuka bila mtu kupanda. Alijaribu kila mara tulipomwambia ajaribu, jasho likimtoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, na tulipomuuliza anaonaje alisema, "Sawa dokta." Saa saba Bi. Mwajuma alifungua bakuli lake na kumlisha, tonge kwa tonge, na mzee alikula kwa bidii ambayo niliisifia kwenye rejesta: hamu ya chakula, nzuri sana.

Wiki ya tano, uzito wa mkono ulianza kushuka. Mashine iliupima kila alipofungwa, nami nilikuwa nikichora mstari. Mstari ulishuka. Mkanda wa mkono wa juu ulihama tundu la nne kwenda la tatu, kisha la pili. Nikaandika na matundu pia. Zuhura alishuku mashine imeharibika. Nikakubaliana naye, maana mashine ni ya kigeni na mimi naiogopa. Tukampigia simu fundi wake, akatuelekeza kwa saa nzima jinsi ya kuirekebisha mizani. Tukarekebisha. Wiki iliyofuata uzito ukashuka tena. Nikaandika: misuli inapungua kwa kutotumika. Niliridhika na sentensi hiyo.

Nilikwenda Masaki kwa sababu ya fomu. Kulikuwa na fomu ya mazingira ya nyumbani, ya kupima upana wa mlango na urefu wa ngazi, na ya Mzee Kondo ilikuwa haijajazwa. Dereva alikuwa na safari ya kumrudisha mgonjwa mwingine Kisarawe siku ya Jumatano, nikapanda. Sikuwa nimearifu kwamba nakuja. Tulifika karibu saa nane mchana.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, kibarazani. Pembeni yake, juu ya stuli, kulikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Nikamwamkia.

"Marahaba, dokta. Umekuja mpaka huku? Basi nimekwisha."

Nikamwambia hajaisha, nimekuja kumpimia mlango. Nikapima mlango. Nikapima ngazi. Harufu ya wali na kunde ilikuwa inatoka chini ya kawa, nikamwambia ale tu, asinisubiri mimi. Akasema atakula mwenye nyumba akirudi. Mwenye nyumba ni Bi. Mwajuma, na alikuwa shamba. Tangu mzee aumie, mihogo na michungwa yote ilikuwa juu yake, na hurudi jua linapozama. Nikatazama saa. Nikatazama sahani. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu, na nikalipeleka jikoni.

Jikoni alikuwepo Asha, mke wa mtoto wao. Mumewe alikuwa Dar kwenye kazi za ujenzi. Yeye alibaki na mtoto mchanga mgongoni na baba mkwe kibarazani. Nilimuuliza Asha: mzee hula saa ngapi mchana? Alikuwa anakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

"Mama, mimi ni mkwe," akasema. "Nimtie baba mkwe wangu kijiko mdomoni?"

Nikamuuliza sasa ile sahani ni ya nini. Akanieleza kwa sauti ya chini. Kila mchana anapakua, anaweka, anaondoka. Baada ya muda mzee anaita, anasema ameshiba, naye anakuja kuondoa sahani ambayo haijaguswa, macho chini. Maji anakunywa mwenyewe kwa mrija. Bi. Mwajuma akirudi anaambiwa mzee alikula vizuri. Mzee amemkataza asiseme, kwa sababu mama akijua ataacha shamba, na shamba likiachwa hakutakuwa na cha kupakua. Siku za kituo ndizo siku anazokula mchana. Jumanne na Ijumaa.

Nilirudi kibarazani na daftari langu. Nilikaa. Nilimwambia mzee kwamba najua mchana hali kitu.

"Nani kasema?" akauliza, na macho yakaenda jikoni.

"Mkono wako. Ile mashine inaupima kila wiki, na kila wiki unapungua."

Akacheka kidogo. "Kumbe mbea, yule Mheshimiwa."

Kuku wakapita. Halafu yeye ndiye akaanza, taratibu, kwa adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni nyumbani kwake.

"Lakini dokta, siku ile ya kwanza si niliwaambia? Nataka mkono wa kulia."

"Ndio huu tunaouhangaikia, mzee." Nikamgusa mkono.

"Huo wa kuume."

"Ndiyo mzee. Wa kulia."

"Wa kuume huo," akarudia. "Mimi nilitaka wa kulia. Wa kulia chakula. Mngenipa hata huu wa kushoto, ningekula nao."

Naomba msomaji anivumilie niliandike hili polepole, kama lilivyoniingia mimi. Kwetu sisi tuliosoma vitabu vya shule, mikono ni miwili, kulia na kushoto. Kwa wazee wengi wa Pwani, mkono huo wa kulia huitwa wa kuume. Na mtu anayeuita wa kuume akisema mkono wa kulia, anaweza kuwa anasema tu kile anachosema. Si kwamba neno lilikuwa geni kwangu. Mimi ni Mlutheri. Kila Jumapili nasimama na kukiri nani ameketi upande wa kuume wa nani, kwa sauti, bila kusoma popote. Nililijua neno mbinguni, sikulijua Masaki.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizo alipoona tunafunga mkono mwingine. Alishangaa swali. Alisema alidhani wataalamu tuna utaratibu wetu, tunaanzia kuume, tutafika kushoto. Alikuwa anasubiri zamu.

Nikauliza na lile lililobaki, kwa kuwa kula kwa mkono wa kushoto si jambo dogo kwake. Akasema ustadhi alishamuuliza zamani, tangu akiwa hospitali. Ustadhi alimwambia katazo ni la mwenye kuchagua, na yeye hana cha kuchagua. "Nyie tu ndio mmebaki," akasema.

Njia nzima ya kurudi sikuandika kitu. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Asubuhi yake nilimweleza Zuhura, na nikampa fomu aione, swali la tisa, na mstari nilioupiga. Aliisoma. Alinitazama. Akasema, "Kwa hiyo mama, wiki zote zile." Nikasema, "Wiki zote zile." Alijikaza, nashuhudia kwamba alijikaza, halafu akakaa kwenye benchi na kucheka mpaka akafuta machozi, na mwishoni sijui kama machozi yote yalikuwa ya kucheka. Kisha akaenda kutafuta spana.

Zilibaki wiki saba mashine irudi kwa wenyewe. Tuliuhamisha mkono wa chuma siku ile ile. Skrubu kumi na mbili ziligeuka kuwa kumi na moja, tukatumia mchana kutafuta ya mwisho, na ilikuwa mfukoni mwangu. Kisha Mheshimiwa akakataa kuwaka mpaka aambiwe yuko upande gani, na kila alipokubali, sauti yangu mwenyewe ikawa inasema kwa ukakamavu, "Nyanyua mkono wa kulia." Nilirekodi upya mara ya tatu. Zuhura alipendekeza niseme "mkono" tu, niachane na pande.

Bi. Mwajuma ilibidi aambiwe. Nilimwambia mimi, mbele ya mzee, na nilisema mashine ndiyo iliyotoa siri. Hakugomba. Alianza kurudi nyumbani kila mchana kumlisha, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na nguruwe pori wakaijua ratiba yake kabla ya wiki kwisha. Mihogo ya upande wa bondeni ililiwa yote. Mzee aliponiambia hilo hakunilaumu. Aliniambia kama mtu anayetoa taarifa ya muda uliobaki.

Mkono wa kushoto ulikuwa na kitu, kama Zuhura alivyosema. Wiki ya kwanza mashine ilibeba karibu uzito wote. Ya pili tukapunguza. Tuliacha mchezo wa machungwa. Nikaweka stuli na sahani tupu mbele yake, na mkono ndani ya chuma ukajifunza njia moja tu, kutoka kwenye sahani kwenda mdomoni, mara mia, mara mia mbili, huku Zuhura ameshikilia kiwiko kisikimbilie nje. Vidole hatukuvinyoosha. Kila aliponyanyua kifundo, vilijikunja vyenyewe na kubana mpini wa kijiko tuliounenepesha kwa raba ya kandambili. Kilipomponyoka alisema, "Huyo," kama mtu aliyekosa ndege kwa manati, na tukamrudishia.

Mashine ilipoondoka, mkono wake ulikuwa umefika kidevuni. Si mdomoni. Kidevuni. Wageni walimpakia Mheshimiwa kwenye sanduku lake, wakatushukuru kwa takwimu zetu nzuri, hasa za mkono wa kulia. Nikasema karibuni tena.

Sentimita zile za mwisho tulizimalizia kwa kapi ya kisima. Tuliitundika kwenye boriti ya kibaraza chake, na mfuko wa mchanga upande wa pili ukibeba uzito ambao mashine ilikuwa ikibeba. Kila wiki mbili nilikwenda kupunguza mchanga kidogo. Nilikuwa nauchota kwa kijiko cha chai na kuandika vijiko vingapi. Nawaambia ukweli, sijui kama ni roboti iliyofanya kazi au kapi, na mtu akiniuliza nitasema roboti ilianza na kapi ikamaliza, na hasara ya wiki za mwanzo ni yangu mimi.

Mwezi mmoja kabla sijastaafu nilikwenda Masaki mara ya mwisho. Nilikwenda na fomu, naomba msicheke, ya kuhesabu: vijiko vingapi vimefika mdomoni, vingapi vimemwagika, dakika ngapi. Bi. Mwajuma alikuwa shamba. Hakuwa akirudi tena mchana.

Asha alileta sahani. Aliiweka kwenye stuli, akaweka kijiko upande wa kushoto, akaondoka macho chini kama siku zote. Kapi ilikuwa imefungwa pembeni, kamba imezungushiwa boriti, haitumiki. Mzee akateremsha mkono, akanyanyua kifundo, vidole vikabana. Mimi nikafungua daftari, nikashika kalamu.

"Dokta," akasema, "nenda ukale na mwenzio jikoni. Mimi napenda kula bila kutazamwa."

Basi nikaenda. Nilikaa kwenye kigoda karibu na Asha, na kwa kuwa wali ulikuwa umeshapakuliwa, akanikwangulia ukoko, akaunyunyizia mchuzi wa kunde. Tulikula wawili, mtoto amelala mgongoni. Tulikuwa tunasikiliza kijiko. Kiligonga sahani, kimya kirefu, kikagonga tena. Mara moja kilianguka sakafuni, Asha akainuka nusu, nikamshika kanga, akakaa. Tukasikia mzee akiguna, gurudumu likisogea, kisha kimya, kisha kijiko kikagonga sahani. Sijui alikiokotaje mpaka leo. Fomu ilibaki mapajani, tupu, na nikaipangusia vidole.

Ilichukua muda mrefu kuliko chakula chochote nilichowahi kusubiri. Halafu sauti ikatoka kibarazani, ya kawaida kabisa, ya mwenye nyumba.

"Asha, mama. Ukoko umebaki?"

Asha alinigeukia mimi, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshakiuma.